Nyenzo Sanisi katika Urekebishaji wa Gegedu la Kiungo: Uimara na Ushikamano

Mwaka 1743, mbele ya Royal Society jijini London, William Hunter aliwasilisha hoja kwamba gegedu likishaharibika halirejei katika hali yake. Msingi wa hoja hiyo ungali thabiti. Gegedu la kiungo halina mishipa ya damu wala ya fahamu, na seli zake ni chache mno. Sehemu yake kubwa ni maji yaliyozuiliwa ndani ya wavu wa nyuzi za kolajeni, na goti linapobanwa ni maji hayo yanayohimili uzito. Pengo likitokea, hakuna damu ya kuleta seli za kuliziba.

Upasuaji wa kutoboa mfupa ulio chini ya pengo, ili uboho upenye, huzaa tishu ya kovu ambayo ni dhaifu kuliko gegedu la asili. Kwa sababu hiyo watafiti waligeukia haidrojeli, yaani polima zinazoshika maji mengi pasipo kuyeyuka. Kwa muda mrefu kikwazo kilichotajwa zaidi kilikuwa udhaifu wake. Mwaka 2020 watafiti wa Duke University, Marekani, walichanganya polivinili alkoholi na nyuzi za selulosi zitokanazo na bakteria, wakaukaribia uimara wa gegedu; mwaka 2022 walitangaza aina inayolizidi kwa kubanwa na kwa kuvutwa.

Hata hivyo, kuhimili mgandamizo maabarani ni jambo moja. Kutulia ndani ya kiungo ni jambo jingine. Kipandikizi cha polivinili alkoholi cha kidole gumba cha mguu kiliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Mwaka 2024 mtengenezaji alikiondoa sokoni, baada ya kubainika kwamba visa vya kuhama, kuvunjika na kulazimu upasuaji wa marudio vilizidi matarajio. Nyenzo laini iliyojaa maji haishikamani na mfupa kwa urahisi, na kila hatua huisukuma. Hivyo, uamuzi wa watafiti wa Duke kuifunga haidrojeli yao kwenye kitako cha titani una uzito kuliko takwimu za uimara wake.

Mkondo mwingine hauikusudii nyenzo idumu. Mwaka 2024 watafiti wa Northwestern University waliweka mchanganyiko wa peptidi na asidi ya hayaluroniki katika viungo vya kondoo, vinavyobeba uzito kwa namna inayokaribiana na goti la binadamu. Mchanganyiko huo ni kiunzi tu: seli hukishikilia zikijenga tishu yao wenyewe. Katika miezi 6 gegedu jipya lilionekana, likiwa na kolajeni ya aina ya 2, ile ya gegedu la asili. Kwa binadamu, kipimo kitakuwa miaka ya kutembea.