Usilitupe Shungi la Nanasi

Ni desturi ya nyumba nyingi, nanasi likisha kuliwa, shungi lake la majani hutupwa jaani pamoja na maganda. Nami nilifanya hivyo, hata mama mmoja auzaye matunda sokoni Thika aliponicheka akasema, "Mwanangu, umenunua tunda na mche wake. Mbona mche wautupa?"

Basi nikakusanya mashungi 12, nikayapanda mabichi vile vile bondeni, karibu na mfereji wa maji ya kuogea, nikidhani tunda lenye maji mengi hupenda maji mengi. Mvua za masika zilipokwisha yalikuwa yameoza yote. Nilipovuta jani la katikati lilitoka mkononi likinuka.

Nanasi asili yake ni Amerika ya Kusini, nalo ni mmea wa kuvumilia ukavu. Mchana hufumba vitundu vya majani yake maji yasipotee, na usiku huvifumbua kuvuta hewa; tena majani yamepangika kama bakuli la kukinga umande. Kwa hiyo sharti lipandwe mahali pa mteremko au juu ya tuta, maji yasituame. Hupenda udongo wenye uchachu, kama ule upendwao na michai. Wala asimwage mtu majivu ya jikoni hapo, maana majivu huondoa uchachu huo na majani huwa manjano.

Kabla ya kupanda, nyofoa majani madogo ya chini ya shungi, kisha liweke kivulini yapata juma moja mpaka jeraha likauke. Hilo ndilo nililolikosa. Lipande kina cha inchi 3 au 4, udongo usiingie moyoni, na kati ya mche na mche acha futi moja.

Ikiwa jirani anayo mashina ya mananasi, afadhali umwombe machipukizi yaotayo ubavuni mwa shina, kwa maana hayo huzaa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, bali shungi hutaka miaka miwili na zaidi, hasa penye baridi. Lakini yatazame kwanza katikati ya majani. Ukiona wadudu wadogo weupe kama waliopakwa unga, na sisimizi wakipanda na kushuka, yakatae. Wadudu hao huleta ugonjwa wa mnyauko, nao sisimizi huwalinda na kuwaeneza.

Jambo lisumbualo zaidi ni wezi. Wengi huwahi kulikata nanasi likingali kijani, wakitumaini litaivia ndani ya nyumba. Rangi itageuka kweli, lakini utamu hauzidi hata kidogo baada ya kukatwa. Yafaa kungoja mpaka manjano yaanze upande wa kikonyo na harufu isikike.

Mashungi niliyoyapanda mara ya pili, juu mtelemkoni, yalikaa miezi 26. Siku nne za mwisho nililala dirisha wazi.