Chupa Tupu na Fimbo ya Biliadi

Katika miji ya Bukoba na Muleba, na katika vituo vilivyo kando ya barabara iunganishayo miji hiyo, si ajabu kukuta meza ya biliadi ya aina ya pool imewekwa barazani. Mchezo huo una sifa mbaya kwa wazazi na walimu wengi, wala si bila sababu, maana mara nyingi huchezwa saa za kazi na kwa kuwekeana fedha. Hata hivyo meza hiyo ni maabara nzuri ya mekanika. Makala haya yataeleza kwa nini pigo la fimbo hupotoka, na jinsi chupa tupu ya soda iwezavyo kumsaidia mchezaji kulinyoosha.

Mchezaji anayekosa aghalabu hulaumu jicho lake. Tufanye hesabu. Tuchukue mipira yenye kipenyo cha milimita 57, ingawa meza nyingine hutumia midogo zaidi. Mpira wa rangi uko mita 1 mbele ya mpira mweupe, nao umelingana sawia na tundu. Fimbo ikipotoka digrii 1 tu kuelekea kulia, mpira mweupe utakapofika utakuwa umeuacha mstari uliokusudiwa kwa milimita 17.5 hivi. Mipira miwili inapogusana, vitovu vyake huachana kwa milimita 57, na mpira uliopigwa hukimbia katika mstari unaoviunganisha vitovu hivyo, tukiacha kando msuguano mdogo uliopo. Sini ya pembe iliyo baina ya mstari huo na njia ya mpira mweupe ni 17.5 ikigawanywa kwa 57, yaani 0.31 hivi. Majedwali yatatupa pembe ya digrii 18. Tukitoa ile digrii 1 ya mwanzo, mpira wa rangi umepotoka kwenda kushoto kwa digrii 17! Ukisafiri nusu mita tu, utakuwa sentimita 15 kando ya shabaha.

Basi jicho laweza kuwa halina kosa lolote. Kosa dogo la mkono limekuzwa na mgongano. Mambo haya si mapya: Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, ambaye walimu wa jiografia humtaja wafundishapo pepo, alichapisha kitabu kizima juu ya hisabati ya biliadi mwaka 1835. (Athari yake ya kupindisha pepo ni hafifu sana hapa Bukoba, karibu na ikweta, hesabu zake za biliadi hazijali ikweta.)

Sasa tutazame mkono. Kiwiko kikitulia, sehemu ya mkono iliyo chini yake huning'inia na kubembea kama pendulamu. Kiganja basi hupita katika tao la duara, hali fimbo inatakiwa kwenda mbele bila kupanda wala kushuka. Tuseme kutoka kiwiko hadi kiganja ni sentimita 35. Kiganja kikiwa sentimita 10 nyuma ya mstari wima, kimepanda sentimita 1.5 hivi, kikiwa sentimita 3 tu kutoka mstari huo, hakijapanda hata milimita 1.5. Ndiyo maana mkono hutakiwa kuwa wima wakati ncha inapogusa mpira. Mwanafunzi na amwombe fundi mwashi timazi, mwenzake aishike usawa wa kiwiko, na ukweli utaonekana mara moja.

Timazi haionyeshi upotokaji wa kulia na kushoto. Hapo ndipo chupa inapohitajika. Ilaze mezani, mdomo ukimwelekea mchezaji, mahali ambapo mpira mweupe ungekaa. Chupa ya soda yenye upana wa sentimita 6 ikilazwa, kitovu cha mdomo wake huwa sentimita 3 juu ya kitambaa, karibu sawa na kitovu cha mpira. Tundu la mdomo ni la milimita 16 hivi. Ncha ya fimbo ikiwa ya milimita 12, imebaki nafasi ya milimita 2 kila upande. Ingiza ncha sentimita 5 ndani, urudishe, taratibu kwanza. Kioo kikilia, pigo limepotoka.

Uzuri wa zoezi hili ni kwamba halihitaji mipira. Meza nyingi huifungia mipira ndani mpaka mchezaji alipe, na kijana asiye na fedha hujifunza kidogo sana. Chupa humpa mapigo mia bila malipo, mwenye meza akiridhia. Lakini tusiisifu kupita kiasi. Milimita 2 katika sentimita 5 ni zaidi ya digrii 2, na tumekwisha kuona madhara ya digrii 1. Kwa hiyo atakayeacha kuugusa mdomo wa chupa aupige mpira mweupe moja kwa moja hadi ukingo wa mbali, bila kuinua fimbo, aone kama utairudia ncha. Katika safari ya mita 3, digrii 1 huonekana kama sentimita 5. Ajaribu pia kutoka upande wa pili, maana meza za barazani mara nyingi zimeinama.

Kabla ya yote hayo, fimbo yenyewe ibingirishwe juu ya meza. Bukoba ni mji wa mvua nyingi, na mti uliolala kwenye unyevu hupinda. Fimbo iliyopinda itakiliza kioo hata mkono ukiwa mnyoofu.