Je, Wajua? Damu, Njiti za Kiberiti na Kumbukumbu ya Mzee

Je, wajua kwamba tangu Mei 2025 Marekani imeruhusu kipimo cha damu kinachosaidia kutambua ugonjwa wa Alzheimer? Kipimo hicho hulinganisha protini mbili, tau na amiloidi, kwa wenye miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili za kusahau. Hapo awali mgonjwa alitolewa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, au akapigwa picha za ubongo za bei ya kutisha.

Lakini damu peke yake haitoshi. Figo zikiugua, tau hupanda hata kama ubongo hauna Alzheimer. Ndiyo maana daktari humpima mzee kwa maswali pia, na hapo ndipo mzee wa Juba, Sudan Kusini, huonewa. Kipimo maarufu cha MoCA, kilichotungwa Montreal, Kanada, kina alama 30. Humtaka mtu achore saa na mchemraba, kisha aunganishe namba na herufi kwa mstari. Mwenye miaka 70 hivi leo alizaliwa karibu na wakati vita vya kwanza vya Sudan Kusini vilipoanza, mwaka 1955. Vilikwisha 1972, vya pili vikawaka 1983 hadi 2005. Wengi wa rika lake hawakupata kushika penseli. Akishindwa kuchora mchemraba, tuulaumu ubongo wake au shule aliyonyimwa? MoCA humwongezea asiyesoma sana alama moja tu. Haitoshi hata kidogo.

Jibu bora limetoka wilayani Hai, Kilimanjaro. Huko watafiti wa Tanzania na Uingereza walikitengeneza kipimo cha IDEA, kisichodai kusoma wala kuandika. Mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hueleza daraja ni nini, humtaja kiongozi wa kijiji chake. Maswali kama haya yangeulizika kwa Kiarabu cha Juba bila shida.

Na je, wajua kwamba tau haiwaandami wazee pekee? Mwaka 2018 wanasayansi waliripoti kuikuta imejikusanya katika ubongo wa vijana wa kaskazini mwa Uganda waliofariki wakiwa na ugonjwa wa kutikisa kichwa, ugonjwa uleule unaowatesa watoto wa Maridi na Mundri, magharibi ya Juba.

Basi mzazi wako akianza kupotea njia ya nyumbani, usiseme ni uzee tu. Mpeleke hospitali mapema: upungufu wa vitamini B12, kaswende, hitilafu ya tezi ya shingo na sonona huweza kuleta usahaulifu, na vyote vina tiba.