Dizeli kwenye machimbo ya changarawe: kinga ni kabla ya kumwagika

Changarawe hupitisha maji upesi, ndiyo maana tabaka zake huwa ghala zuri la maji ya visima. Mchimbaji anapoichota huanza kwa kuondoa udongo wa juu wenye mboji na bakteria, yaani chujio lenyewe, na kadiri shimo linavyozidi kwenda chini ndivyo sakafu yake inavyokaribia maji. Kwa hiyo pipa la dizeli lililowekwa shimoni kwa ajili ya kijiko na jenereta ni sawa na pipa lililowekwa mdomoni mwa kisima.

Si lazima tangi lipasuke ndipo madhara yatokee. Koki inayovuja tone moja kila sekunde, tone likiwa mililita 0.05, humwaga zaidi ya lita 4 kwa siku, karibu lita 130 kwa mwezi. Juu ya zege uvujaji huo ungeonekana mapema. Kwenye changarawe huzama. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, hivyo ikiyafikia maji ya ardhini huelea juu yake na kusambaa, huku baadhi ya kemikali zake zikiyeyuka humo polepole. Mojawapo ni benzeni, inayosababisha saratani ya damu; Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 katika lita ya maji ya kunywa.

Wapo wasemao kwamba jua huikausha dizeli na bakteria huila. Ni kweli kwa sehemu, lakini dizeli hukauka taratibu mno ikilinganishwa na petroli, na bakteria hao hufanya kazi vizuri penye oksijeni, ambayo ni haba chini ya ardhi. Mafuta yaliyonasa kati ya kokoto huweza kuchafua maji kwa miaka.

Wengine hulalamikia gharama. Kanuni inayotumika sana ni kwamba tangi likae ndani ya karo linaloweza kubeba asilimia 110 ya ujazo wake. Tangi la lita 2,000 likiinuliwa juu ya miguu, linatoshwa na karo la zege la mita 2 kwa 2, kina sentimita 55. Liezekwe, maana karo lililojaa mvua halina nafasi ya mafuta; mashine zijazwe juu ya zege, nje ya shimo; maranda ya mbao ya kunyonya mafuta yakimwagika yawe karibu. Gharama hiyo hulipwa mara moja, ilhali kusafisha maji ya ardhini huchukua miaka. Kibali cha kuchimba kisitolewe kabla karo halijajengwa.