Mtoto Anapoivua Kofia

Tuseme mnakaa Amani, mjini Unguja, si mbali na uwanja wa mpira. Nyumbani mna mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino. Asubuhi, saa nne na nusu, mama anatoka naye kwenda dukani. Anamvika kofia. Hawajapita nyumba ya tatu, kofia iko chini mchangani. Mama anaiokota, anaipangusa, anamvika tena. Mtoto anaitupa tena, na safari hii anacheka. Mara ya tatu mama anachoka. Anaitia kofia mkobani na kusema moyoni: "Basi, ni mwendo mfupi tu."

Leo tuzungumze juu ya mwendo huo mfupi. Leo upo, kesho upo, na mwaka una siku 365.

Mtu mwenye ngozi nyeusi huzaliwa na mwavuli wake ndani ya ngozi. Mwavuli huo ni rangi ya asili iitwayo melanini, nayo huzuia sehemu kubwa ya miale mikali ya jua isiharibu ngozi. Mtoto mwenye ualbino hana rangi hiyo, au anayo kidogo sana. Si laana, wala si kosa la mama. Baba na mama wote wawili waweza kuwa weusi kabisa, na kila mmoja akawa amebeba chembe ya urithi wa ualbino bila kujijua. Wakikutana watu wawili wa namna hiyo, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Baba anayemshuku mkewe kwa sababu ya rangi ya mtoto anamdhulumu.

Mtoto mweusi naye hufaidika na kofia katika joto kali, lakini akiivua hasara yake ni ndogo. Kwa mtoto mwenye ualbino hasara ni kubwa, na haionekani siku ile ile. Ngozi huungua leo, huwa nyekundu, kesho kutwa hubambuka, na mama hudhani yamekwisha. Kumbe madhara yanajumlishana. Baada ya miaka huja madoa na magamba magumu, kisha vidonda visivyopona, na mwisho saratani ya ngozi. Hupenda kuanza mahali ambapo jua hupiga zaidi: masikio, midomo, pua, mashavu, na shingo kwa nyuma. Mwaka 1985 madaktari wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitabibu jinsi ngozi ya Watanzania wenye ualbino inavyoharibiwa na jua tangu utotoni. Kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani kutoka Unguja wamekuwa wakivuka bahari kwenda hospitali ya Ocean Road kutibiwa, na wengine walifika kidonda kimekwisha kula sikio au jicho. Watu wameshtushwa sana, na ndivyo ipasavyo, na habari za kushambuliwa kwa watu wenye ualbino huko bara. Lakini jua nalo limewaua wengi, tena kimya kimya.

Unguja iko digrii sita tu kusini ya ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita na kitu husimama utosini kabisa. Miezi mingine nayo hulikosa kidogo tu. Huhitaji chombo cha kupimia. Simama nje utazame kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, mtoto asikae ndani yake. Kwetu hali hiyo huanza karibu saa tatu na nusu asubuhi na kuendelea mpaka saa tisa na nusu hivi za alasiri.

Wengi hudanganywa na kipupwe. Kusi inavuma, hewa ni baridi, mama anaona leo kofia ya nini. Joto na miale inayounguza ni vitu viwili mbalimbali. Upepo huondoa joto, hauondoi miale. Mawingu mepesi nayo huipitisha. Kwa msomaji wetu wa Paje au Jambiani, ambako akina mama wamekuwa wakilima mwani tangu mwaka 1989, iko hatari nyingine: mchanga mweupe na povu la bahari huirudisha miale juu kama kioo. Mtoto aliyeachwa pwani chini ya mwavuli wakati mama yuko majini anapigwa na jua kutoka chini.

KWA NINI ANAIVUA

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu yumo katika umri wa kukataa. Anakataa uji alioupenda jana, anakataa kuoga, akishaoga anakataa kutoka majini. Mama anayeona kofia inatupwa hufikiri ni ukorofi, akampiga kikofi cha mkono. Matokeo yake mtoto huishika kofia na kilio pamoja, na vita huongezeka.

Kabla ya kumlaumu mtoto, ichunguze kofia. Ivue, itie vidole ndani. Je, mshono unakwaruza? Je, lastiki imeacha alama kidevuni? Jasho la wiki iliyopita limekauka likawa chumvi? Je, inayafunika masikio hata hasikii vizuri? Mtoto hawezi kusema "mama, hapa panawasha." Anachoweza ni kuitupa.

Na liko jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui, nalo ndilo ninalotaka msomaji alikumbuke kuliko mengine yote. Macho ya mtoto mwenye ualbino hayawezi kuzuia mwanga kama macho yetu. Hayaoni mbali vizuri, aghalabu huchezacheza yenyewe, na mwanga mkali humuumiza. Ndiyo maana ukimtoa nje ghafla hufinya macho, huinamisha uso, au huficha kichwa begani mwako. Kofia yenye ukingo mzuri humpa mtoto huyu kitu anachokitaka mwenyewe: humwezesha kuona. Akilijua hilo, atakuwa upande wako.

Lakini kofia mbaya hufanya kinyume chake. Kofia kubwa iliyonunuliwa "aikulie" hushuka mpaka puani. Mtoto ambaye tayari anaona kwa shida sasa haoni kabisa. Akiivua ana haki.

KOFIA GANI

Kofia yetu ya viua ni pambo na heshima, lakini haina ukingo. Hufunika utosi na kuyaacha masikio, pua na shingo juani. Mtoto wa kiume avae akienda na baba yake sala ya Ijumaa, lakini njiani awekewe kivuli kingine. Kapelo ni afadhali kidogo kwa sababu hukinga uso, ila masikio na shingo hubaki wazi. Mtandio wa mtoto wa kike hufunika masikio na shingo vizuri sana, uso ndio hubaki. Kwake ni rahisi: mvike pama juu ya mtandio.

Inayofaa ni pama, yaani kofia yenye ukingo wa kuzunguka pande zote. Kwa mtoto mdogo ukingo uwe wa upana wa vidole vitatu vya mtu mzima vilivyolazwa pamoja, na akikua uongezwe kuwa vinne. Ukiwa mpana mno kwa mtoto mdogo humwangukia machoni, au hujikunja kila anapoegemea mgongo wa mama.

Kitambaa kiwe cha pamba iliyofumwa kwa kushikamana. Kiinue kuelekea dirishani. Ukiona mwanga unapenya, jua nalo litapenya. Kofia za ukindu zinazoshonwa na akina mama wetu vijijini ni nyepesi na hupitisha hewa, nami nazipenda, lakini nyingi zina matundu katikati ya ukili na ukili. Mpelekee fundi cherehani aitie bitana ya pamba ndani. Upande wa chini wa ukingo achague kitambaa cha rangi iliyoiva, bluu au kijani, ili mwanga unaoruka kutoka mchangani usimpige mtoto machoni.

Kuhusu kamba ya kidevuni, tahadhari. Kamba ngumu iliyofungwa fundo yaweza kunasa kwenye mlango au tawi ikamkaba mtoto. Tumia lastiki laini, au mwambie fundi aweke kifungo cha kubana kinachoachia chenyewe kikivutwa. Akilala, kofia yenye kamba ivuliwe.

Kofia ziwe mbili. Moja ikifuliwa, nyingine ipo. Tena kofia mbili zina faida nyingine tutakayoiona sasa hivi.

KUMZOESHA

Wakati mzuri wa kuanza ni kabla hajajua kukataa. Mtoto wa miezi mitano au sita aliyevikwa kofia kila anapotolewa nje huiona kuwa sehemu ya kutoka, kama kubebwa. Lakini mwenye mtoto wa miaka miwili asikate tamaa.

Usianzie juani. Anzia ndani, mtoto akiwa ameshiba na hana usingizi. Baba avae kofia, mama avae, kaka na dada wavae, mwanasesere naye avikwe. Mtoto ashike kofia yake mwenyewe, aigeuze, amvike bibi. Ajifiche chini ya ukingo na kutokeza. Zikipita dakika mbili akaivua, basi, msifu kwa hizo mbili. Kesho zitakuwa tano. Kama mna kioo kikubwa, msimamisheni mbele yake.

Kisha mtoe mpaka kibarazani, pale kivuli kinapokutana na mwanga. Mvike kofia ukiwa bado kivulini, halafu piga hatua moja nje na umwonyeshe kitu anachokipenda kilicho karibu: paka, kuku na vifaranga, baiskeli ya jirani. Atakiona bila kufinya macho. Usimweleze mengi. Usimtoe juani bila kofia eti ili aone tofauti, hilo ni kumuumiza. Mara akiinua mkono kuivua kwa sababu nyingine, mpe kitu cha kushika mikononi, embe bovu la kuchezea au kijiko. Mikono yenye kazi huisahau kofia.

Pigilia msumari karibu na mlango, kimo cha mtoto, kofia zote mbili zining'inizwe hapo. Wakati wa kutoka usimwulize, "Utavaa kofia?" Jibu lake mnalijua. Mwulize, "Leo ya bluu au ya kijani?" Hapo ndipo kofia ya pili inapofanya kazi. Mtoto wa umri huu anataka kuamua, na wewe umempa la kuamua.

Akiivua njiani, mvike tena bila hasira na bila hotuba. Akiivua mara ya pili, rudi naye kivulini au ndani. Usiseme "utaona leo." Sema tu, "Nje tunavaa kofia," na muda kidogo ujaribu tena. Sheria hii haina nguvu isipokuwa iwe moja kila siku. Ikivunjwa Jumatatu kwa sababu mama ana haraka, Jumanne mtoto atajaribu kwa bidii maradufu. Na asipewe pipi kila anapoivaa, maana baada ya wiki utakuwa unanunua pipi na kofia iko chini.

Shida kubwa mara nyingi si mtoto bali ni sisi wakubwa. Bibi anamwonea huruma, "Mwacheni mtoto apate hewa." Mjomba anampeleka kiwanjani kutazama mpira na kofia imebaki msumarini. Kaeni nyumba nzima mkubaliane. Akifika umri wa chuoni na wa skuli ya maandalizi, nendeni mkaonane na ustadhi na mwalimu mapema, muombe mtoto akae mbali na dirisha lenye jua, acheze kivulini, na asilazimishwe kuvua kofia uani kwa kuwa si sehemu ya sare. Wenzake wakimcheka, mwalimu anaweza kulimaliza jambo hilo kwa siku moja akivaa kofia yeye mwenyewe.

Kofia haifanyi kazi peke yake. Mtoto avae mikono mirefu na suruali au gauni refu la kitambaa chepesi, na matembezi yasogezwe asubuhi mapema au alasiri kivuli kirefukapo. Hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikitengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, yaitwayo Kilisun. Uliza kituo cha afya au jumuiya ya watu wenye ualbino jinsi ya kuyapata. Yapakwe masikioni, puani na shingoni, mahali ambapo kofia huteleza. Lakini chupa huisha, na siku ilipokwisha ndiyo siku kofia inapohitajika zaidi.

Kila wiki wakati wa kumwogesha, mtazame mtoto nyuma ya masikio, shingoni na midomoni. Doa gumu, kipele kinachotoka damu, au kidonda kilichokaa mwezi bila kupona kipelekwe kwa daktari, wala kisipakwe dawa ya kienyeji kungoja kione njia yake. Macho nayo yapimwe mapema, kabla ya kuanza skuli. Na kila baada ya miezi michache pitisha uzi kuzunguka kichwa chake, ulinganishe na kofia, kwa sababu kofia iliyomkaa vizuri wakati wa vuli huenda ikawa inambana masika yakiingia, naye hatakwambia, ataitupa tu.