Pikipiki ya Magurudumu Manne: Isukumwe na Mawili au Yote?

Pikipiki ya magurudumu manne ni chombo cha kukalia kwa kutanua miguu, chenye usukani wa pikipiki na matairi manene yenye upepo kidogo sana: mara nyingi pauni 4 au 5 tu kwa inchi ya mraba, ilhali tairi la gari dogo hujazwa pauni 30 hivi. Ulaini huo hulifanya tairi likumbatie jiwe na litandae juu ya mchanga badala ya kuzama. Lakini tairi kazi yake ni kushika ardhi. Nguvu hutoka kwenye injini, na hapo ndipo vyombo hivi hugawanyika: vingine huipeleka nyuma peke yake, vingine huweza kuipeleka kwenye magurudumu yote.

Vya nyuma ndivyo vilivyotangulia. Suzuki ilipotoa QuadRunner LT125 mwaka 1982, soko la Marekani lilikuwa limezoea vyombo vya magurudumu matatu, ambavyo Honda ilianza kuviuza mwaka 1970 na ambavyo vilikuwa vyepesi kupinduka. Mwaka 1986 Honda hiyo hiyo ikaleta FourTrax 350 ya 4x4, yaani inayosukumwa na magurudumu yote manne, iliyolenga zaidi kazi za shamba kuliko michezo.

Anayelinganisha aina hizi kwa mazoea ya gari hukosea haraka. Gari la kawaida lina difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti, na gurudumu moja likining'inia shimoni huzunguka bure huku mwenzake akitulia tuli. Pikipiki nyingi za aina hii hazina difu nyuma. Ekseli ni moja, na magurudumu yote mawili huzunguka pamoja. Moja likipoteza mshiko, jingine bado linasukuma. Kwa hiyo chombo cha magurudumu mawili ya kusukuma si dhaifu kama kinavyodhaniwa, na kwenye shamba kavu la tambarare au njia ya changarawe kinatosha kabisa. Gharama ya ekseli hiyo hulipwa kwenye kona. Gurudumu la nje linatakiwa kwenda mbali kuliko la ndani, na kwa kuwa haliwezi, moja lazima liteleze. Udongo mlegevu huruhusu. Lami haikubali, chombo hung'ang'ania kwenda moja kwa moja na kinaweza hata kupinduka. Ndiyo sababu dereva huegemea upande wa ndani wa kona, na watengenezaji huonya chombo kisiendeshwe barabarani.

Tofauti huonekana kwenye tope. Magurudumu ya mbele yasiyosukuma hayana hiari: hubururwa, yakikusanya tope mbele yake mpaka lundo linakuwa zito kuliko nguvu ya nyuma. Yakipewa nguvu, hulikwea lile lundo. Hali ni hiyo hiyo kwenye gogo, ukingo wa mfereji, na mlima wenye utelezi, ingawa kadiri mlima unavyosimama ndivyo uzito unavyohamia nyuma na mchango wa mbele unavyopungua.

Mifumo ya 4x4 yenyewe haifanani. Katika mmoja unaopendwa, ambao Polaris imeutumia sana, ndani ya difu ya mbele mna kizimba chenye roli ndogo za chuma. Swichi ikizimwa, roli hukaa huru na magurudumu ya mbele hujizungukia. Ikiwashwa, sumaku ya umeme hukivuta kizimba kidogo, lakini roli bado hazibanwi, kwa sababu gia zimepangwa ili shafti ya mbele izunguke polepole kuliko magurudumu yake. Ya nyuma yakianza kuteleza, shafti hiyo huongeza kasi, roli husukumwa kwenye nafasi nyembamba, zinabana, na magurudumu ya mbele hushika kazi mara moja. Mshiko ukirudi, zinaachia. Dereva hahitaji kugusa kitu. Ubaya wake huonekana wakati wa kuteremka: kwa kuwa mbele husubiri nyuma iteleze, injini haiwezi kuyazuia magurudumu ya mbele mpaka kiongezwe kifaa maalumu. Mfumo unaounganisha mbele na nyuma moja kwa moja huteremka mlima kwa utulivu zaidi.

Kuna mahali ambapo 4x4 ni mzigo tu. Kwenye matuta ya mchanga ya Oman na Dubai, au ya Namib karibu na Swakopmund, vyombo vyepesi vya michezo kama Yamaha Raptor 700 husukumwa na nyuma peke yake, na vikitakiwa kukimbia zaidi hufungwa matairi ya nyuma yenye makasia ya mpira. Mbele hakuna difu wala ekseli, kwa hiyo usukani ni mwepesi na chombo hakizami. Hata bila mchanga, mfumo wa mbele huongeza uzito, bei na kazi ya gereji: oili ya difu, na maungio ya ekseli yaliyofunikwa na mpira. Mpira huo ukichanika na mwiba bila kugundulika, tope huingia kwenye grisi na kukisaga chuma taratibu. Matairi nayo hayabadilishwi ovyo. Ya mbele yakitofautiana kimo na ya nyuma kuliko ilivyokusudiwa, gia hupigana zenyewe kwa zenyewe.

Breki ni jambo jingine linalosahaulika. Nguvu kwenye magurudumu manne husaidia kuondoka, si kusimama, na kwenye utelezi chombo kizito cha 4x4 hakisimami upesi kuliko chepesi. Wakati wa kuiwasha nao una maana: wazoefu huwasha 4x4 kabla ya kuingia topeni, si baada ya magurudumu kuchimba. Wengine huiacha imezimwa mpaka nyuma ikwame, kisha huiwasha ili iwatoe. Anayeiwasha tangu mwanzo hufika mbali zaidi, lakini akikwama huwa ameingia ndani sana, ndiyo maana vingi vya aina hiyo hufungwa winchi kwenye bampa la mbele.