Kwa Nini Msumeno wa Umeme Huruka?

Umeme umefika katika vijiji vingi vya Tanzania tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007. Ukipita leo penye karakana ya seremala utasikia mashine inalia. Kazi iliyokula asubuhi nzima kwa msumeno wa mkono sasa inaisha kabla chai haijapoa. Hilo ni jambo jema. Lakini wapo mafundi ambao ukiwapa mkono, unaona vidole havitimii vitano. Kwa hiyo leo tunazungumza juu ya msumeno mmoja wa umeme: ule unaoshikwa mkononi, ambao diski yake huzama ndani ya ubao ukiukandamiza.

Kwanza tuujue. Juu una mota na mahali pa kushika. Chini una kitako bapa. Diski ya meno imefichwa ndani ya kasha, na msumeno ukiwa umekaa tu huoni jino hata moja. Ukiuwasha na kukandamiza, diski inashuka na kutokea chini ya kitako. Ukiachia, springi inairudisha juu. Kitako huteleza juu ya reli ndefu ya aluminiamu, ndiyo maana mkato unanyooka kama uzi. Tena msumeno huu unaweza kuanza kukata katikati ya ubao. Tuseme umemaliza mlango, halafu mwenye nyumba anasema anataka kioo kidogo katikati. Au meza ya jikoni inatakiwa tundu la sinki. Hapo ndipo msumeno huu unapoonyesha kazi yake.

Hapo hapo ndipo unapoumiza watu.

Tupige hesabu kidogo. Diski yenye upana wa milimita 160, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, jino lake linakwenda karibu mita 42 kwa sekunde. Hiyo ni kama kilomita 150 kwa saa! Kidole hakipati nafasi ya kukwepa.

Sasa, mbona msumeno huruka? Fikiri baiskeli. Gurudumu likizunguka mbele, sehemu ya chini inasukuma ardhi nyuma, na baiskeli inakwenda mbele. Diski ya msumeno huu inazunguka kinyume cha hapo. Meno yaliyo chini, ndani ya ubao, yanakimbia kwenda mbele. Basi ubao ukiyabana, diski inakuwa kama gurudumu linalorudi kinyumenyume. Msumeno mzima unarudi nyuma na kunyanyuka, na nyuma yake uko wewe. Yote hayo ni kufumba na kufumbua.

Na nini kinaubana? Mara nyingi ni jinsi tulivyoulaza ubao. Fundi anachukua ubao mrefu, anaweka ncha mbili juu ya vigoda viwili, halafu anakata katikati. Kadiri mkato unavyokwenda, ubao unapinda chini, na kingo za mkato zinakutana juu kama mdomo unaofumba. Diski imo ndani! Dawa yake ni rahisi. Panga vipande vya mbao chini ya ubao, huku na huku pa mkato, ili usipate nafasi ya kupinda. Ubao mbichi nao hujifunga. Diski butu, au yenye utomvu uliogandana, inang'ang'ania. Ukiona unasukuma kwa nguvu, simama. Diski yenye makali haihitaji kusukumwa hivyo.

Misumeno mingi ya aina hii ina kipande chembamba cha chuma nyuma ya diski. Kazi yake ni kuuzuia mkato usifumbe. Kama msumeno wako unacho, usikitoe. Na wale wenye misumeno ya kawaida ya duara, ambao hufunga kinga ya chini kwa waya ili isiwasumbue, tunawaambia wazi: waya huo utoeni leo.

Hebu sasa tukate tundu la sinki pamoja. Chomoa plagi kwanza. Pima kina: ubao wa milimita 20, reli ya milimita 5, ongeza milimita 3 ili meno yatokeze kidogo upande wa pili. Jumla ni 28. Misumeno mingine vipimo vyake vimekwisha kuihesabu reli, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Usishushe diski yote eti ikate vizuri zaidi. Angalia kama pana misumari, hasa ukitumia mbao za zamani, na angalia chini ya ubao hakuna waya wala mkono wa mtu.

Funga reli kwa klampu. Halafu funga kipande cha mti juu ya reli, nyuma ya msumeno, kiguse kitako chake pale utakapoanzia. Hicho ndicho kizuizi. Wakati diski inazama katikati ya ubao ndipo msumeno unapopenda zaidi kuruka, na kizuizi hiki kinaunyima njia ya kurudi. Ni kazi ya dakika moja tu, lakini ndiyo hasa inayorukwa.

Simama pembeni, usisimame kwenye mstari wa diski. Shika kwa mikono miwili. Washa, subiri mota ichanganye, ndipo ushushe polepole. Usishushe kwanza ndipo uwashe. Diski ikishafika chini, sukuma mbele kwa mwendo mmoja. Kamwe usivute nyuma. Ukifika alama ya mwisho, iache diski ipande na isimame kabisa kabla ya kuinua msumeno.

Waulize mafundi wengine, watakujibu: "Aa, mimi nafunga diski ya meno kwenye grenda, inatosha." Hapana, ndugu. Grenda ndogo inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, haina kitako wala kipande kile cha kuzuia mkato usifumbe. Ikinasa kwenye ubao, mkono hauwezi kuizuia. Bei yake ni ndogo, tunajua. Lakini kama huna pesa ya msumeno wa kuzamisha, toboa pembe kwa keke ukate kwa msumeno wa mkono. Utachelewa saa moja tu.

Jambo la waya nalo. Waya mwembamba na mrefu unaufanya umeme ufike dhaifu, mota inachoka na kupata moto. Tumia waya mnene, uukunjue wote, na uupitishe nyuma yako. Vaa miwani na uzibe masikio. Mikono mirefu ya shati ikunjwe. Vumbi la mninga huwasha ngozi na kifua, kwa hiyo funika pua, na ukate mahali penye upepo.

Turudi kwenye tundu letu. Diski ni duara. Juu utaona mistari imekutana pembeni, lakini chini mbao bado imeshikana. Usiongeze mkato upite alama, meza itabaki na makovu. Kabla ya upande wa nne, weka tegemeo chini ya kile kipande cha katikati, maana kikianguka nusu kitaibana diski. Kisha chomoa plagi, weka msumeno kando, na umalizie pembe zile nne kwa msumeno mdogo wa mkono.